Mtihani wa Mtoto wa Cornelia

Kalonje, barabara ya Matai
3 Aprili 2023

Mpwa wangu Rozina,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuweza kulalamika. Mvua zinaaga kwa shingo upande, matuta yetu ya ntumba tumemaliza kuyapanga na majani yanaozea humo ndani, na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba nilistaafu ualimu ili nipumzike, si ili nirudi kwenye jembe. Mama yako nilipita kumwona kwake mjini, kule Izia. Mguu unamsumbua asubuhi, mchana anausahau, maana mchana wapo watu wa kupiga nao soga. Ameniambia nikusalimie na nikukumbushe kuwa una mama.

Unajua kwa nini naandika wakati simu ninayo. Mtandao hapa unapatikana kwenye kichuguu nyuma ya kanisa tu, na ukisimama pale na simu sikioni, kijiji kizima kinaona hapo ndipo mboga zilipoota, kinakuja kuchuma na kusikiliza. Mimi ni mwenyekiti wao, lakini siyo kila kitu changu ni mali ya mkutano mkuu.

Kwanza hongera. Ulipoondoka mwezi wa pili na kile kishikwambi chako, kina mama walibaki wanakusifu. Mtoto wa Cornelia anauliza kwa heshima, anakaa kwenye kigoda kama wenyeji, akipewa togwa hakatai. Sasa kila Jumapili wananisimamisha: matokeo yametoka? Amefaulu? Nijulishe niwajibu, maana wanajihesabu kuwa na wao wameshiriki.

La pili ndilo lililoniweka mezani. Binti yangu Monika amemaliza cheti chake cha maendeleo ya jamii, na sasa anakaa hapa tunatazamana. Alikuona unashuka kwenye gari la chuo, na tangu siku hiyo anasema atakuwa msaidizi wa utafiti kama dada Rozina. Nieleze bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kazi hiyo ina nini cha kuitamani, na ina nini cha kuikimbia? Na kama kuna mlango, mshike mkono mdogo wako.

Mjomba wako,
Mwl. Polikarp


Dar es Salaam
2 Mei 2023

Mjomba,

Milele, amina. Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa idara hadi aliponiona napita na kukumbuka sura yangu. Huku mvua imegeuza njia yetu kuwa mto, na joto halijapungua hata kidogo. Nimeyakumbuka mablanketi ya Izia. Mwambie mama nitampigia Jumamosi.

Umeniuliza kuhusu kazi, nami nitajibu kama unavyotaka. Zuri lake ni kwamba unalipwa ili ujifunze. Niliingia hapa sijui kusoma jedwali la takwimu, leo Dokta Ndalahwa, mkuu wa mradi wetu, akiniwekea tarakimu mezani naona zinasema nini. Unafika mahali ambapo usingefika kwa nauli yako, unaingia jikoni kwa watu wasiokujua na wanakusogezea kigoda. Na kuna hili, ambalo nilikuwa sijakuambia: Dokta ameahidi kwamba mradi ukifungwa vizuri, mmoja wetu atasomeshwa shahada ya uzamili kwa fungu la mradi huu. Ametaja jina langu mbele ya watu. Mjomba, sijatamani kitu hivi tangu nizaliwe.

Baya lake ni refu zaidi. Mkataba wetu ni wa miezi michache, ukiisha unasubiri kama kuku anayesubiri pumba. Mkubwa akikosea inaitwa changamoto, msaidizi akikosea unaitwa uzembe. Ripoti ikitoka, jina lako liko kwenye shukrani, baada ya madereva. Na linaloniuma kuliko yote, mama anakueleza maisha yake yote, halafu anakuuliza mtatuletea nini, nawe umefundishwa kujibu kwamba hatuahidi kitu. Unafunga kishikwambi unaondoka.

Waambie kina mama kwamba ule haukuwa mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Tulikuwa tunauliza mtoto alikula nini jana, basi, ili ijulikane kwa nini watoto wa mkoa wetu wanadumaa wakati maghala yamejaa.

Jina la Monika nimempa Atusaye, mwenzangu wa kutoka Mbeya anayepanga safari za wilayani. Yeye Kifipa hajui hata salamu, na mara nyingi wanatafuta mtu wa kutafsiri. Asikate tamaa.

Mpwa wako,
Rozina


Kalonje
4 Juni 2023

Rozina,

Marahaba. Baridi imeingia na imekuja na upepo wake. Mahindi yako shambani yanakauka, mwaka huu Mungu hakutubania. Ng'ombe wa Alois jirani yetu ameingia kwenye ulezi wangu na tumesuluhishwa, ingawa ng'ombe mwenyewe hajaomba radhi.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimekasirika mara mbili. Nani kawaambia huko kwamba watoto wetu wamedumaa? Sisi tunalisha nchi. Malori yanapanda hapa kutoka kila upande kuja kubeba mahindi na maharage yetu, halafu redioni anakaa mtu mwenye tai anasema Wafipa hawajui kulisha watoto. Na wewe umetoka kwenye tumbo la dada yangu unaandika neno hilo hilo kwenye karatasi na kunitumia mimi. Tena kwa stempu.

Na habari ya kusema haukuwa mtihani, usinifundishe. Nimeshika chaki mpaka nywele zikafanana nayo. Mtu akija na maswali, na nyuma yake yupo mkubwa anayesubiri majibu ili aamue kama atamwendeleza, huo ni mtihani hata ukiuita harusi. Wewe mwenyewe umesema utasomeshwa kazi ikienda vizuri. Basi itaenda vizuri, usiwe na hofu.

Monika anakushukuru. Amekwisha kujifunza kutembea kama mtu wa ofisini.

Mjomba


Dar es Salaam
26 Juni 2023

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulezi umepona na Alois mmepatana. Mama ameniambia umempelekea maharage mapya, Mungu akubariki. Mimi si mzima sana, lakini siyo ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Nisikilize vizuri. Wiki iliyopita Dokta Ndalahwa aliniita ofisini akafunga mlango. Akanionyesha majibu ya Kalonje. Karibu kila mtoto wa Kalonje, jana yake alikula yai. Alikunywa maziwa asubuhi na jioni. Alikula maharage, dagaa, mboga na papai. Papai, Mjomba! Kwenye baridi ile, mwezi wa pili, papai limetoka wapi? Labda lilipanda mlima kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto, kwa miguu yake. Halafu akanionyesha ukurasa mwingine, vipimo alivyochukua muuguzi tuliyekuwa naye, urefu kwenye ubao na utepe wa mkononi. Watoto wale wale wanaokula kama watoto wa mabalozi, ni wafupi kuliko watoto wa vijiji vyote tulivyopita.

Akaniuliza swali moja tu: "Rozina, uliingia kwenye hizo nyumba, au ulikaa kwa mjomba wako ukajaza?"

Niliingia. Nyumba kwa nyumba, niliingia. Nakumbuka kwa Mama Yoramu nilikuta sufuria ya ugali wa tangu jana imefunikwa na sahani, mtoto anaumega mkavu, mama ndiyo anatoka shambani na udongo miguuni. Nikamuuliza, akaniangalia usoni akasema yai. Niliandika yai kwa sababu kazi yetu ni kuandika tunachoambiwa. Nilishangaa, ila sikutaka kumwita mtu mzima mwongo nyumbani kwake.

Dokta anasema majibu ya Kalonje yatatupwa yote. Yakitupwa, kijiji kinatoka kwenye hesabu, na vijiji vitakavyopata mpango wa uji wa lishe na kliniki ya watoto vitachaguliwa kwa hesabu hiyo. Na mimi nitaitwa mghushi. Sitasoma uzamili, wala hakuna mradi mwingine utakaonigusa, kwa sababu hawa watu wote wanajuana.

Nakuuliza kama mpwa wako. Kabla sijafika, kuna mtu alizungumza na kina mama?

Rozina


Kalonje
30 Julai 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza kalamu iliisha, halafu kondakta wa basi anayenipelekea barua mjini alikwenda kuoa kule Kasanga, ikabidi tusubiri arudi na mke.

Mavuno yamekuwa mazuri kupita kiasi, tunakosa magunia. Paroko mpya amefika, kijana, mahubiri yake mafupi, watu wanamsifu sana. Rafiki yako wa shule ya msingi, Happyness, amejifungua pacha. Kanisani tumepaua upande wa kuume. Mama yako nimemkuta anatembea bila fimbo, ingawa akikuona anaichukua.

Juu ya ulichouliza, sijui hasa unataka kujua nini. Watu huzungumza. Mimi ni mwenyekiti, nazungumza na watu kila siku, ndiyo kazi yenyewe. Kama Jumapili baada ya misa niliwakumbusha kina mama kwamba mgeni anakuja na wamwonyeshe heshima, hilo ni kosa? Mgeni anapokuja unafagia uwanja. Hakuna anayeacha taka mlangoni ili mgeni apate ukweli.

Huyo Dokta wako ni mtu wa wapi? Amewahi kula kwetu? Mwambie aje mwenyewe, tutamchinjia.

Nimekutumia maharage na ulezi kwa kondakta huyo huyo. Kula vizuri, usikonde kwa mambo ya makaratasi.

Mjomba Polikarp


Dar es Salaam
11 Agosti 2023

Mjomba Polikarp,

Shikamoo. Maharage yamefika. Namshukuru Mungu kwa mama na kwa pacha wa Happyness.

Sasa nimeelewa, na nimelia mpaka Atusaye akadhani nimefiwa.

Nilikuwa darasa la nne ulipokuwa mwalimu mkuu, nilikuja kukaa kwako siku chache ukaniacha nikae darasani na wenzangu. Walikuja walimu wanafunzi kutoka chuo cha ualimu. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja kuwapima, uliingia ukatupa maswali na majibu, ukatuambia nani anyooshe mkono wakati gani. Mkaguzi akafurahi, mwalimu mwanafunzi akapata alama nzuri, na sisi tukapewa pipi. Hicho ndicho ulichofanya. Ulifanya kina mama wa Kalonje kuwa darasa, ukawapa majibu, ili mimi nipate alama.

Mjomba, nakupenda, lakini nina hasira na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Ulinisaidia nikiwa sijakuomba. Umenisaidia mpaka nimekuwa mwizi.

Ila kuna nafasi moja. Nimemwomba Dokta asiyatupe majibu kabla ya kurudia, na amekubali. Atakuja mwenyewe na Atusaye mwishoni mwa Septemba, watauliza upya. Mimi nimekatazwa kusogea. Sasa tazama mtego wenyewe ulivyo. Kina mama wakirudia yai na papai, Kalonje inafutwa. Wakisema kweli, ugali mkavu na mboga ya majani, na mayai yamekwenda mjini kuuzwa, Kalonje inaingia kwenye mpango, lakini Dokta atasema: kumbe Rozina alighushi. Njia ya kupona sisi wote ni moja. Waseme kweli, halafu wewe usimame useme kwamba mara ya kwanza uliwaambia cha kujibu. Maneno machache tu. Hakuna atakayekufunga. Dokta alijua tangu mwanzo kwamba Kalonje ni kwa mjomba wangu, alisema ndiyo vizuri, watanifungulia milango. Ataudhika, kisha ataelewa.

Usiniandikie habari za kanisa. Mficha uchi hazai. Niambie kama utasimama.

Rozina


Kalonje
27 Agosti 2023

Rozina,

Barua yako nilimpa Monika anisomee kwa sababu miwani imevunjika, nikamnyang'anya katikati. Sehemu ya chini nimeisoma mwenyewe kwa shida na kwa aibu.

Ndiyo. Nilisema. Nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia mtoto wa Cornelia anakuja kufanya mtihani wake wa chuo, maswali ameyashika yeye lakini majibu mnayo nyie, mkijibu ovyo mtamfelisha. Walipouliza wajibu nini, niliwatajia vile vyakula tulivyokuwa tunavichora ubaoni, makundi yote. Papai lilikuwemo kwenye mchoro. Hakuna aliyebisha, walicheka, wakafurahi kukusaidia. Mama Yoramu peke yake alisema, "Mwenyekiti, na wakitaka kuliona hilo yai?" nikamwambia kuku ametaga porini.

Nilikuwa nakusaidia wewe, na nilikuwa najisaidia na mimi. Sikutaka uandike kwamba hapa kwetu mtoto anashinda na ugali wa jana na dada yake wa miaka saba, kwa sababu mama yuko kwenye ntumba tangu alfajiri. Ni kweli, lakini inauma kuandikwa. Hata Monika alilelewa hivyo. Mkewe mwalimu mkuu naye alikuwa analima.

Nitasimama. Nimekwisha kuwaambia kina mama kila mmoja aseme cha nyumbani kwake. Na siku hiyo nitasema langu mbele ya huyo Dokta. Neno la Polikarp haliozi.

Habari njema: yule Atusaye amempigia Monika. Watamchukua siku zote watakazokuwa huku wilayani Kalambo kuwatafsiria kwa wazee wasiotaka Kiswahili, na akifanya vizuri watamfikiria zaidi. Amefua sare yake ya chuo ameipiga pasi mpaka inang'aa. Umemshika mkono mdogo wako wakati mwenyewe unazama, na mimi nimeliona hilo.

Mjomba wako


Dar es Salaam
9 Septemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama getini, nikakaa chini pale pale kwenye ukingo wa mtaro. Asante. Sina neno lingine. Mimi sijui kama ningeweza kuandika vile kwa mtoto niliyemzidi umri.

Hasira imepungua, siyo kuisha, lakini imepungua. Mpe Monika pongezi zangu. Mwambie avae viatu vya kufunga, na asiogope kumwambia Dokta arudie swali.

Nitangoja.

Rozina


Kalonje
5 Novemba 2023

Mpwa wangu Rozina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua za kwanza zimenyesha na ardhi inanukia vizuri. Nimepata miwani mipya. Pacha wa Happyness wamebatizwa, mmoja alilia, mwingine alimcheka paroko.

Wageni walifika kama ulivyosema, wakakaa siku kadhaa, wakaenda salama. Dokta ni mtu mpole kuliko nilivyodhani. Tulimpa jogoo, akakataa, tukaambiwa sheria haimruhusu, basi jogoo yupo. Kina mama walisema kweli, kila mmoja la kwake, wengine walisema mpaka wakatokwa na machozi. Jana ofisi ya kata imeleta habari kwamba Kalonje imo. Uji wa lishe utaanza mwezi wa kwanza, na mzani na ubao wa kupimia watoto vitakaa hapa hapa kwetu, siyo kwenda Matai na mtoto mgongoni. Watu wamefurahi sana. Wanasema ni baraka ya safari yako ya kwanza.

Monika aling'ara. Dokta mwenyewe alisema binti huyu ana masikio. Wamempa mkataba, miezi michache kama ulivyoeleza, lakini ni mkataba. Anakuja Dar mwezi wa kwanza kupokea mafunzo, anauliza kama anaweza kufikia kwako.

Na wewe uko salama? Hujaandika. Njoo Krismasi, tutachinja yule jogoo aliyekataliwa.

Mjomba wako akupendaye,
Polikarp


Dar es Salaam
3 Desemba 2023

Mjomba Polikarp,

Shikamoo. Nafurahi kwa uji na kwa mzani. Naandika hivyo na namaanisha. Wasalimie pacha.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nahama chumba. Barua ya idara nilipewa katikati ya Oktoba. Haina neno kughushi, watu wa chuo wana adabu, inasema majibu ya awali "hayakuweza kuthibitishwa" na kwamba hawatanihitaji tena. Uzamili amepewa kijana mwingine. Atusaye alinisindikiza mpaka getini, akaniambia alimsikia Dokta akikuuliza, kwa Kiswahili chepesi kabisa: "Mwenyekiti, mara ya kwanza kuna mtu aliwaelekeza hawa kina mama?" Ukajibu: "Sisi huku mgeni akiuliza tunajibu." Kisha ukaomba wakaribie kula.

Nilitaka kuamini kwamba ulishikwa na aibu tu. Mtu akishikwa na aibu namwelewa. Lakini mwezi uliopita Mama Yoramu alikwenda mjini kuuza mayai, akapita Izia kwa mama, akamweleza mengine. Alisema yeye aliulizwa mbele yako: mara ya kwanza ulimjibu nini yule msichana? Akajibu kwa Kifipa, kwa sauti, kwamba alijibu yai kwa sababu Mwenyekiti aliwaambia kanisani waseme yai, na kwamba yule mtoto hana kosa. Monika akageuka kwa Dokta akatafsiri: "Anasema ni siku nyingi, hakumbuki."

Kina mama waliosikia lugha zote mbili walikuangalia wewe, Mjomba. Wewe ndiye mwenyekiti, na wewe ndiye baba yake. Mama Yoramu anasema uliinama ukafunga kamba za viatu.

Najua ulichokiona. Uliona binti yako siku yake ya kwanza ya kazi, na sare imepigwa pasi. Ukisimama wewe, anaonekana yeye amedanganya dakika ile ile. Ilibidi umtupe mmoja, ukanitupa mimi, kwa sababu mimi sikuwepo na yeye alikuwa amesimama pale. Labda na mimi ningefanya hivyo kwa mtoto wangu. Nimejaribu kukusamehe kwa njia hiyo na bado haijafanya kazi.

Nikuambie na jambo jingine ambalo hulijui. Atusaye hurekodi kila mahojiano. Sauti ya Mama Yoramu ipo chuoni mpaka leo, nzima nzima, na Dokta angemtafuta Mfipa yeyote wa mjini hapa akamsikilizisha, ningerudi kwenye meza yangu kesho yake. Mama ananiambia nifanye hivyo. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa Dokta, nikagonga, akaniambia karibu. Nikamwuliza hali yake, nikamtakia Noeli njema, nikatoka. Kwa sababu ile sauti ikifunguliwa, watasema na mara ya pili kulikuwa na mwenyekiti pembeni na binti yake katikati, na majibu ya Kalonje yatatupwa tena, safari hii hakuna wa kuyaombea. Mtoto wa Mama Yoramu atarudi kwenye ugali wa jana. Sikunyamaza kwa ajili yako, wala kwa ajili ya Monika. Naomba usijidanganye kwa hilo.

Krismasi nitakuja Izia kwa mama. Kalonje sitapanda. Nimepata kazi ya kufundisha masomo ya ziada kwa watoto wa watu, na nikipumzika nitatafuta tena.

Uliniuliza mwezi wa nne kazi hii ina nini cha kuitamani na nini cha kuikimbia, nikakujibu kwa madaha kama mtu aliyebobea. Sasa najua sikukuambia kitu. Zuri lake ni kwamba mtu asiye na sababu yoyote ya kukuamini anakuambia ukweli wa nyumba yake. Baya lake ni hilo hilo, kwamba umeshaupokea, na hapo kazini wewe ni mdogo kuliko wote.

Monika afikie kwangu. Chumba ni kidogo, tutabanana. Sitamwuliza kitu, na sitamfanyia ubaya, ana miaka ishirini na mbili na alikuwa anamwokoa baba yake. Nitamfundisha kutumia kishikwambi na kusoma jedwali. Nitamwambia akatae akipangiwa nyumbani kwao. Kazi atajifunza, masikio anayo kweli.

Wewe nakuomba kitu kimoja tu, Mjomba. Usimsaidie.

Rozina